Haka

Walikuja na rangi nyekundu, msimu wa kukausha tumbaku,
wakaandika juu ya babu: T/4.
Juu ya bibi: T/5.
Reli mpya itapita Usoke
kwa urefu wa mgongo wao.

Mwalimu Chizuru, wa hesabu na fizikia,
aliponikuta nasugua namba ile kwa gunzi
hakuuliza kitu. Alirudi kwake, nyuma ya maabara,
akaja na ndoo, na kata,
kata hii hii yetu ya kibuyu.

Kwetu, alisema, kaburi ni haka.
Nikasikia haki. Nikasikia hakika
iliyokatwa mkia na fisi.
Kwenda kuliona ni hakamairi:
unaliosha jiwe kama unavyomwogesha mtoto,
kuanzia utosini,
kisha unawasha senko, kijiti chembamba
kama njiti ya ufagio, moshi uwaambie tumefika.
Sisi hatuwashi, nikamjibu. Tunanyunyiza
unga wa mtama uliokorogwa kwa maji.
Na kwenda huko tunaita kuzuru.

Akacheka mpaka kata ikamwagika.
Kwao jina lake ni korongo elfu moja;
miaka miwili watoto wanamwita Mwalimu Zuru
na hakuna aliyemwambia.

Mfu kwao hupewa jina jipya, kaimyo,
refu kadiri ulivyolilipa hekalu.
Babu naye kapewa, nikasema. La bure. T/4.
Hapo hakucheka.

Mama yake, mwezi uliopita, amefanya hakajimai.
Neno hilo hata kwao hawalipendi:
kufunga kaburi, kama unavyofunga duka
lililokimbiwa na wateja.
Kijiji kiko mlimani, vijana wako mjini,
nyasi zimefika kifuani mwa jiwe,
na mtoto wa pekee yuko Usoke
anafundisha msuguano.
Mtawa alikuja, akasoma, akaitoa roho ndani ya jiwe,
ndipo winchi ikaruhusiwa kugusa.
Aliyaona kwenye simu, amesimama juu ya kichuguu
nyuma ya ghala la tumbaku, pale penye mtandao.
Picha iliganda jiwe likiwa hewani.
Mpaka leo hajui lilitua vipi.

Nikaitazama fomu ya fidia.
Jina. Uhusiano. Kiasi.
Safu ya roho haimo.
Nani atamtoa Mihambo kwenye saruji
kabla ya katapila?

Mimi, akasema shangazi Nyanzala.
Alikuja alfajiri na bakuli la unga,
akagonga saruji kwa kifundo cha kidole
kama anayegonga kwa mdaiwa:
"Baba, amka. Tunahama.
Beba na kiko chako. Usije ukasema hukuambiwa."
Basi. Akajipangusa mikono, akaenda kukamua mbuzi.

Tulikuwa tunaondoka, Chizuru akasimama.
Na kile chungu, pale, kilichofudikizwa?
Hakina namba.

Kulwa, nikasema. Aliishi siku nane.
Mama alikatazwa machozi; pacha haliliwi.

Liko neno kwao, muenbotoke,
mfu asiye na uzi wa kumfunga kwa mtu.
Alilitamka polepole, akanitazama,
akalirudisha kinywani:
hapana, halimfai huyu. Uzi anao.
Maji yaliyobaki ndooni akayamimina juu ya chungu.
Yalisita kwenye masizi, kisha yakaona ufa.
Senko iligoma, upepo ulikuwa mwingi.
Akaichomeka hivyo hivyo, mbichi, kama mche.

Ijumaa nilikwenda ofisini.
Makaburi mangapi?
Matatu.
Karani akapekua daftari lake la rangi. Mawili, mama.
Matatu.
Una uthibitisho gani?
Nikamwekea kitambulisho changu mezani.
Akasoma jina la kwanza.
Doto.
Akainua kalamu, akasoma tena.